Fuwele Ndani ya Zeze

Pale Makanyagio ukiulizia fundi redio, kila mtu atakunyooshea kidole kwenye kile kibanda cha mabati ya bluu kinachotazamana na mashine ya kusaga. Ndipo kwa Eufrazia. Na ukifika usianze kutafuta mwanamume, maana wengi wamejiaibisha. Wanamkuta ameshika chuma cha kuungia waya, moshi wa risasi unampita puani, halafu wanamuuliza mwenyewe fundi yuko wapi. Huwa anawajibu kwamba fundi amekwenda kunywa chai, wakae wasubiri. Wakishakaa, anawapokonya redio na kuanza kuifungua. Ni Mpimbwe huyo, wa maneno machache na mikono isiyotulia.

Ufundi aliupata Majengo kwa mzee Selestine, aliyekuwa akitengeneza redio tangu zile za mbao. Mama alifariki Eufrazia akiwa binti tu, na mdogo wake Agatha bado anabebwa mgongoni. Baba alikuwa ameshatangulia. Akabaki baba mdogo, Yotham, ambaye alihamia pale nyumbani ili awasimamie mayatima wa kaka yake, na tangu siku hiyo hajasimamia kitu kingine zaidi ya meza ya chakula. Tuseme ukweli, kwani ukweli unauma nini? Unga ulikuwa wa Eufrazia. Mabati ya nyumba, Eufrazia. Ada ya Agatha, sare, viatu, mpaka mafuta ya nywele, Eufrazia. Baba mdogo alikuwa mkuu wa nyumba, na mkuu wa nyumba kazi yake ni kukaa.

Wachumba walikuja, wakaondoka. Kila alipotokea mmoja, Agatha alikuwa darasa fulani, na Eufrazia alisema ngoja huyu mtoto amalize kwanza. Agatha akamaliza. Kwa wakati huo watu walikuwa wameshazoea kumwita Eufrazia "fundi," na hakuna tena aliyemwita "binti."

Ndipo akatokea Malale.

Malale ni Msukuma. Wazazi wake walishuka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakatua huku Katavi kutafuta majani, yeye akazaliwa njiani. Ng'ombe aliwachunga, lakini moyo wake ulikuwa kwenye zeze: kibuyu kilichowambwa ngozi, mti mmoja, uzi mmoja na upinde wake. Alikuwa akialikwa kwenye harusi mpaka Inyonga. Akaja kwa Eufrazia na malalamiko. Siku hizi harusi zina spika kubwa kama kabati, alisema, na zeze lake linamezwa. Akiwekewa maiki mbele, spika inapiga mluzi hadi bibi harusi anaziba masikio. Je, fundi hawezi kulipatia zeze sauti yake lenyewe?

Eufrazia alilipokea zeze, akaligeuza, akaligonga gonga mgongoni. Halafu akavuta jiko bovu la gesi lililokuwa uvunguni, akazungusha kitufe. Tak! Cheche ikaruka. Akamuuliza Malale umeme huo umetoka wapi, na jiko halina betri wala waya wa ukutani. Malale akacheka, akasema yeye anajua ng'ombe.

Basi Eufrazia, yule wa maneno machache, siku hiyo akaongea. Alimwambia kwamba ndani ya kitufe kuna kipande cha fuwele na kinyundo kidogo. Fuwele ni kitu ambacho chembe zake zimejipanga kwa mpango mmoja, safu kwa safu, kama matofali ya ukuta. Katika baadhi ya fuwele, mpango huo ukibanwa, chembe zinasogea kidogo sana, umeme uliokuwa umetulia ndani unaelemea upande mmoja, na ukipewa njia unatoka. Kinyundo kikigonga, unatoka mwingi kwa mara moja, hiyo ndiyo cheche. Ukibana polepole unatoka kidogo kidogo. Hata yale mawe meupe wanayoponda wachimbaji wetu wakitafuta dhahabu yana tabia hiyo. Mtu anaponda umeme mchana kutwa, na jioni anakwenda kununua mshumaa.

Kutoka kwenye saa mbovu ya mezani alichomoa kile kisahani chembamba cha shaba kinachopiga kelele za kuamsha watu, kimepakwa fuwele nyeupe juu yake. Akakibandika kwa ndani, chini ya ngozi ya zeze, pale pale kinaposimama kijiti kinachobeba uzi. Uzi ukitetemeka, kijiti kinaikandamiza ngozi. Ngozi inakibana kisahani. Kisahani kinatoa umeme unaopanda na kushuka sawasawa na wimbo, na spika inaurudisha kuwa sauti. Hakuna maiki, hakuna mluzi.

Malale alipiga mara moja, na mashine ya kusaga ng'ambo ya pili ikazimwa ili watu wasikilize.

Baada ya siku hiyo hakuisha pale kibandani. Leo waya umelegea, kesho sauti ni nyembamba, keshokutwa hakuna tatizo lolote ila amepita tu. Eufrazia alijua, sisi wote tulijua. Alikuwa akiinama kwenye kazi yake huku akitabasamu peke yake, na Agatha akileta chakula cha mchana alikuwa akiwapakulia wote wawili na kuwatania kwamba safari hii dada ameungwa kwa risasi. Siku moja Malale alisema wazi, mchana kweupe, bila kuzunguka. "Fundi, nataka nikuoe. Nitaleta wazee." Eufrazia akaendelea kuunga waya. Aliporudi nyumbani alimwambia Agatha, na wote wawili walilia, tena Agatha ndiye aliyelia zaidi. Machozi nayo yana siri zake.

Jumamosi ya posa ikafika. Utaratibu unajulikana. Mwoaji mwenyewe haingii. Malale alibaki dukani kwenye kona, amevaa shati jipya, akisubiri kuitwa. Waliokuja ni wazee wake na mshenga wake, Benedikto, mwimbaji wa kwaya mwenye ulimi wa asali. Wageni wanakaa sebuleni na baba mdogo. Binti anayeposwa anakaa uani na wanawake, na anatulia huko mpaka aitwe. Akiitwa anaulizwa swali moja tu: wageni hawa unawajua? Akisema nawajua, ndiyo imekwisha, vigelegele. Eufrazia alikuwa amejizoeza neno hilo moja tangu asubuhi, kwenye kioo, kwa sauti ya chini, kwa sauti ya juu. Umri ule, fundi mzima, anajizoeza neno moja kwenye kioo.

Na kwa kuwa hakuna mwingine wa kufanya, muziki nao ulikuwa mikononi mwake. Aliazima amplifaya, maiki na spika za kwaya, akazipanga uani, spika zikitazama migomba. Zeze wazee walikuwa wamekuja nalo, ili litoe wimbo mara tu neno likikubaliwa. Eufrazia alilisimamisha kwenye kigoda pale sebuleni, akapitisha waya wake dirishani hadi kwenye amplifaya. Kabla wageni hawajaanza, baba mdogo alitoka akamwambia azime maiki, haya ni maneno ya wazee. Eufrazia akaizima na kuichomoa kabisa, akamwonyesha. Baba mdogo aliridhika akarudi ndani. Muda kidogo akatoa kichwa mlangoni, akamwita Agatha aje kuwanawisha wageni. Agatha akaenda na birika na beseni, amesuka nywele vizuri siku hiyo.

Wanawake waliendelea na masufuria. Jirani yao Lidia alikuwa akimtania Eufrazia kwamba kwa Wasukuma ataamka alfajiri kukamua, na kule ng'ombe hawatengenezwi kwa bisibisi. Eufrazia alicheka. Akainama kwenye amplifaya, akafungua kidogo kitufe cha zeze, asikilize kama waya una mvumo.

Mvumo haukuwepo. Kilikuwepo kikohozi.

Kikohozi cha baba mdogo, chembamba lakini wazi, kilitoka kwenye spika. Eufrazia alielewa mara moja. Sauti za sebuleni zilikuwa zikiipiga ile ngozi, ngozi inatetemeka, inakibana kisahani. Kigoda kilikuwa miguuni pa wazee wenyewe. Mkono wake ulikwenda kukifunga kitufe, kwa adabu tu. Ndipo aliposikia jina lake.

Benedikto alikuwa akisema kwamba kijana wao ameshatafakari, na wazee nao wametafakari. Fundi ni mtu wa heshima sana, lakini umri umekwenda, na boma linataka watoto. Kwa hiyo, kama walivyokwisha kuongea, wamekuja kwa ajili ya yule mdogo. Akaongeza kwamba kijana mwenyewe ndiye aliyependa hivyo, wasije wakadhani ni wazee.

Kama walivyokwisha kuongea! Mwiko wa Lidia uliganda juu ya sufuria.

Baba mdogo alijibu kwamba kwake ni heri hivyo hivyo. Alicheka kidogo. Yule mkubwa akiondoka, alisema, nyumba hii itakula nini? Huyu mdogo hajui hata kubadilisha balbu, mchukueni. Mmoja wa wazee wa Kisukuma, mtu wa haki yule, akauliza kuhusu ile mila ya ukoo huu waliyoelezwa, kwamba mdogo hatoki kabla ya mkubwa mpaka mkubwa mwenyewe atamke mbele ya wageni kwamba mdogo wake apite. Je, amekubali?

"Ameshasema apite," alisema baba mdogo. "Kaniambia mwenyewe, ila anaona aibu kuja mbele yenu."

Lidia alinyoosha mkono azime. Eufrazia akaushika mkono ule, akaurudisha pembeni taratibu. Alikuwa bado na tumaini moja, na tumaini lenyewe lilikuwa na birika mkononi, mle mle sebuleni. Mtoto aliyemlea mgongoni. Huyo atasema hapana, mnamkosea dada. Eufrazia aliinama akaweka sikio karibu na spika.

Benedikto aliuliza swali. "Binti, wageni hawa unawajua?"

"Nawajua," alisema Agatha.

Lilikuwa neno lile lile, na alilisema vizuri, bila kukwama. Angesema amechomwa kisu lakini kisu angekiona kinakuja. Wanawake walikuwa wakimtazama, na kutazamwa kule ndiko kulikomuuma kuliko yote, maana alijua sura zao zitabaki hivyo kila wakipita kibandani kwake. Mmoja akanong'ona kwamba asante ya punda ni mateke. Eufrazia hakugeuka.

Alichofanya alikifanya kwa mikono, akili yenyewe ilikuwa mbali. Fuwele ile haina upande mmoja. Ukiibana inakupa umeme, na ukiipa umeme inajibana na kujiachia yenyewe, na kinachotetemeka hutoa sauti. Ndivyo ilivyokuwa ikipiga kelele ndani ya saa. Alichomoa waya wa zeze mbele, akautia nyuma mahali pa spika. Akarudisha maiki. Akafungua kitufe mpaka mwisho, akasogeza maiki mdomoni.

Na mle sebuleni, kwenye kigoda, kibuyu kikasema kwa sauti nyembamba ya kike:

"Baba mdogo, sijasema apite. Mimi sijaulizwa."

Wanasema mzee mmoja wa Kisukuma alisimama akatafuta fimbo yake. Birika lilianguka, tulilisikia hadi uani. Halafu mlango ukafunguliwa, na baba mdogo akatoka amevimba, wageni nyuma yake.

Mngetegemea aone haya. Wapi! Alianza kwa kufoka kwamba Eufrazia amewategea wazee mtego, amewaaibisha, binti gani anaweka masikio kwenye mazungumzo ya posa, huu ni ushetani wa nyaya. Kikulacho ki nguoni mwako, naye aliyekuwa nguoni ndiye aliyekuwa akilalamika kuumwa. Eufrazia alimsikiliza hadi pumzi zikamwishia. Alikuwa akimtazama Agatha, aliyesimama nyuma ya Benedikto, mikono imelowa.

"Tangu lini?" alimuuliza.

Agatha alitazama chini. "Tangu ulipokuwa unatengeneza zeze," alisema. "Ulikuwa umeinama, dada. Siku zote ulikuwa umeinama."

Hapo Eufrazia aliwaona, kana kwamba jambo lenyewe lilikuwa likifanyika upya: yeye ameinama juu ya waya akitabasamu kama mjinga, na juu ya mgongo wake wawili wanatazamana. Mgongo ule ule. Chakula alichopakuliwa, utani aliotaniwa, machozi waliyolia wote. Kila kitu kikabadilika rangi mpaka mwanzo.

Agatha alianza kulia. Akapiga magoti, akasema alijua dada atamsamehe, kwa sababu dada humsamehe kila kitu, na kwamba dada ana kazi yake, ana jina lake, lakini yeye ana nini? Eufrazia aliona kwamba binti huyu hadanganyi. Ndivyo alivyofikiri kweli. Alikuwa ameufanyia hesabu wema wa dada yake, akaona unatosha.

Yule mzee mwenye haki akasogea mbele. Alisema kwa upole kwamba wao walidanganywa, na hawawezi kumtoa mtu kwa mlango wa uongo. Fundi atamke sasa mbele ya wote. Akisema mdogo asipite, wanachukua fimbo zao na kurudi walikotoka, na hakuna posa hapa, si ya mkubwa wala ya mdogo.

Baba mdogo alikuwa akimpa ishara kwa macho. Agatha hakuinua kichwa, na mabega yalikuwa yakimtetemeka kama alivyokuwa akitetemeka zamani akiwa na homa, Eufrazia akimpepea. Neno lilikuwa moja tu, asipite. Alilitaka kwa moyo wote. Lilifika kabisa mdomoni.

"Apite," alisema Eufrazia. "Na mimi napita. Leo hii tunatoka wote wawili."

Baba mdogo hakuuliza anakwenda wapi. Hakusema nisamehe, mwanangu. Mbele ya wageni wote wale alisema, "Sasa sisi nani atatulisha?" Lidia akatema mate pembeni.

Eufrazia aliingia ndani, akaweka nguo zake kwenye begi, na vyombo vyake vya kazi kwenye mfuko wa pili. Haikuchukua muda. Vitu vingi vya nyumba ile vilikuwa vyake, lakini jaribu kubeba mabati. Lidia alimsindikiza hadi barabarani akimsihi alale kwake, naye akasema hapana, Lidia, nikilala karibu nitarudi. Kuna dada mmoja wa kwaya aliolewa Inyonga, na huko nako kuna redio. Akasimamisha bodaboda impeleke stendi.

Alikuwa ameshapanda, begi mapajani, aliposikia miguu inakimbia nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka, miguu ile aliijua tangu ilipojifunza kutembea. Moyo ukamruka, Mungu amsamehe, ukamruka kwa furaha. Alimwambia dereva asubiri. Alikuwa ameshaamua kwamba kama Agatha atasema tu neno, hata nusu yake, atashuka.

Agatha alifika akihema, kope bado zimelowa.

"Dada," alisema, "zeze halitoi sauti, na Malale ameshaingia. Umechomoa waya gani?"

Eufrazia alimtazama. Dereva wa bodaboda naye alimtazama.

"Waya mweusi," akasema. "Uko nyuma, urudishe mbele. Wa spika ndio ukae nyuma. Fungua polepole, usije ukaunguza."

Agatha akashukuru, akageuka, akakimbia. Bodaboda ikaondoka. Walikuwa hawajamaliza hata kupita mashine ya kusaga zeze lilipoanza, safi kabisa, bila mluzi, na dereva akasema kwamba huko leo kuna harusi nzuri.